Punda Anapogoma: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Fimbo

Wafugaji wengi wa Arusha na Moshi hununua punda wakiwa wameshaambiwa jambo moja juu yake, kwamba ni mkaidi. Akisimama njiani anachapwa, akipiga teke husemwa kuwa fadhila za punda ni mateke, na akianguka na mzigo watu hukumbuka ule usemi wa punda afe mzigo ufike. Nimefuga punda Kisongo kwa miaka kumi na minne, na kabla ya hapo nilikuwa mtunzaji wa farasi katika shamba moja la upande wa Usa River, na kila punda mgomaji niliyemchunguza kwa subira alikuwa na sababu ya kugoma. Mara nyingi sababu ilikuwa maumivu, na mara nyingi maumivu hayo yalikuwa na siku nyingi kuliko mgomo wenyewe.

Farasi akiumia au akiogopa hukimbia, kwa hiyo mwenye farasi hujua mapema kwamba kuna jambo. Punda asili yake ni nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, ambako walitembea wachache wachache, na akiogopa yeye husimama kwanza akatafakari. Akiumwa huficha, anaendelea kutafuna kidogo na kusimama na wenzake, hadi hali inapokuwa mbaya kabisa. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kumtibu punda hana budi kujifunza kusoma dalili ndogo, na kuuchukulia ule unaoitwa ukaidi kuwa dalili ya kwanza.

Kabla ya yote, pima

Mfugaji anunue kipimajoto katika duka la dawa za mifugo, nacho ni cha bei ndogo kuliko sindano moja isiyo na kazi. Punda mzima aliyepumzika huwa na joto la kati ya nyuzi 36.5 na 37.8, moyo wake hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika, na huvuta pumzi mara 12 hadi 28. Farasi ni tofauti: joto lake ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, mapigo ni 28 hadi 44, na pumzi ni 8 hadi 16. Ninaziandika tarakimu zote kwa sababu nimeona watu wakimpima punda kwa kipimo cha farasi au cha ng'ombe, na punda mwenye nyuzi 38.4, ambaye tayari ana homa, akatangazwa kuwa mzima.

Mapigo hupatikana kwa kuweka vidole viwili upande wa ndani wa mfupa wa taya, ambako mshipa wa damu hupita chini ya ngozi. Pumzi huhesabiwa kwa kusimama kando na kutazama ubavu ukipanda na kushuka. Pima asubuhi kabla ya kazi, kwenye kivuli, na uandike, kwa kuwa kipimo cha siku ya ugonjwa hakina maana kubwa kama hujui kipimo cha mnyama huyo huyo akiwa mzima. Kisha inua mdomo wa juu utazame ufizi, ambao unapaswa kuwa wa waridi na wenye unyevu. Ubonyeze kwa kidole ugeuke mweupe, uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, damu haizunguki vizuri au mnyama amepungukiwa maji.

Anagoma, anapiga teke au anauma wakati wa kufungwa

Anza na matandiko, na usianze kwa kuyatazama yakiwa mwilini. Yaondoe yote, kisha pitisha kiganja kitupu kuanzia nyuma ya masikio hadi kwenye mkia, polepole, ukitazama uso wa mnyama na si mkono wako. Akiinua kichwa, akikaza mdomo, akikunja ngozi au akilaza masikio nyuma kiganja kinapofika mahali fulani, hapo ndipo penye jambo, hata kama hujaona kidonda. Mabaka ya nywele nyeupe kwenye mgongo au mabegani si urembo wala rangi ya kuzaliwa. Ni kovu la mahali ambapo mbano wa zamani uliharibu mizizi ya nywele, na linakuonyesha mahali matandiko yanapoumiza hadi leo.

Punda anayebeba maji mgongoni huumizwa zaidi na mambo mawili. La kwanza ni mzigo kukaa juu ya uti wa mgongo. Mgongo wa punda ni mkali na hauna nyama nyingi, kwa hiyo gunia moja lililokunjwa halitoshi. Panahitajika matakia mawili marefu, kila moja upande wake wa uti, yakiacha mfereji katikati ambao hewa inapita na hakuna kinachogusa mfupa. La pili ni uzito. Punda wetu wengi wana uzito wa kati ya kilo 120 na 160, na mzigo wa mgongoni haufai kuzidi kilo 50. Dumu la lita ishirini likijaa lina kilo ishirini za maji, kwa hiyo madumu mawili ni kilo 40 na matakia yake. Madumu manne, kama tunavyoona kila jioni wakati wa kiangazi, ni kilo 80, na punda anayelala chini akikataa kuinuka na madumu manne anafanya jambo la busara.

Kwa mkokoteni sababu ni nyingi zaidi. Nira ya ng'ombe haimfai punda hata kidogo, kwani ng'ombe wetu husukuma nira kwa nundu na shingo nene, wakati punda hana nundu na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani. Anahitaji mkanda mpana wa kifuani, usiopungua upana wa vidole vinne, unaokaa chini ya koo na juu ya kiungo cha bega. Ukipanda juu unambana pumzi, na mnyama atasimama kila baada ya hatua chache akihema. Ukishuka unazuia mguu wa mbele usisogee. Kamba ya katani au ya manila isiguse ngozi popote. Niliwahi kufungua mkanda wa mgeni mmoja aliyekuja na punda mwenye sifa ya kung'ata, nikakuta ndani ya kitambaa, kwenye mshono, uzi mmoja wa manila uliokuwa umekatika na kuchomoza kama sindano, mfupi kuliko ukucha. Tuliukata kwa wembe. Kidonda chake kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, lakini kiliguswa kwa kila hatua ya safari ya kilomita nane.

Mizani ya mkokoteni wa magurudumu mawili nayo ikaguliwe ukiwa umepakiwa. Shika miti miwili ya mbele kwa mikono yako kabla ya kumfunga mnyama: unapaswa kuhisi uzito mdogo tu unaoelekea chini. Ikikulemea, mzigo umekaa mbele mno na punda ataubeba mgongoni huku akivuta. Ikitaka kupaa, mzigo umekaa nyuma na mkanda wa tumboni utamnyonga kutoka chini.

Kuna punda anayegoma mahali pamoja tu, kila siku. Jike langu la kijivu lilikuwa likisimama juu ya mteremko mmoja kabla ya kalvati, na vijana waliokuwa wakilitumia waliamini kwamba linaona kitu kisichoonekana. Nililifuata siku tatu. Mkokoteni haukuwa na mkanda wa makalioni, ule unaozunguka nyuma ya mapaja na kumwezesha mnyama kuuzuia mzigo unaposhuka, kwa hiyo kwenye kila mteremko ubao wa mbele ulikuwa ukimgonga kwenye mifupa ya miguu ya nyuma na kumsukuma kwa uzito wote wa mchanga. Tulishona mkanda kwa turubai iliyokunjwa mara nne, na baada ya wiki mbili jike lile lilishuka mteremko bila kusimama. Mgomo wa mahali pamoja hutaka uchunguzi wa mahali hapo, pamoja na kile ambacho mzigo unafanya mahali hapo.

Kidonda cha matandiko hutibiwa kwanza kwa kuondoa kilichokisababisha, na hakuna dawa inayoshinda mkanda mbaya unaorudishwa kesho asubuhi. Kisafishe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita, na mnyama apumzishwe hadi ngozi ifunge. Oili chafu ya gari, maji ya betri na majivu visipakwe, kwa maana huua nyama changa inayojaribu kuota na kukirefusha kidonda kwa majuma. Kidonda au uvimbe usiopona kwa mwezi mzima, hasa usoni, kwenye masikio, kifuani au sehemu za siri, kionwe na daktari wa mifugo, kwani kuna vivimbe vya ngozi vya punda na farasi ambavyo huwa vikali zaidi vikikatwa ovyo.

Anachechemea

Mtembeze mnyama kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Akichechemea mguu wa mbele, kichwa hupanda juu mguu mbovu unapogusa ardhi na kushuka mguu mzima unapokanyaga. Mguu wa nyuma husomwa kwenye nyonga, ambayo hupanda na kushuka zaidi upande wenye maumivu. Ukishaujua mguu, anza na ukwato, kwa kuwa idadi kubwa ya punda wanaochechemea wana tatizo chini ya kifundo, na ni kupoteza muda kusugua bega dawa ya misuli kabla ya kuinua mguu na kutazama.

Uchechemeaji wa ghafla, ule wa mnyama aliyekuwa mzima jana na leo haugusi mguu chini kana kwamba umevunjika, mara nyingi ni jipu ndani ya ukwato. Jiwe kali au msumari hupenya, uchafu ukabaki, na usaha ukakosa pa kutokea kwa sababu ukwato hautanuki. Weka mkono kwenye ukwato huo kisha kwenye wa pili: wenye jipu huwa na joto zaidi, na mshipa ulio nyuma ya kifundo hudunda kwa nguvu. Ukibonyeza wayo kwa koleo taratibu, kipande kwa kipande, atauvuta mguu penye jipu. Mtu mwenye ujuzi akipatoboa panatoka majimaji meusi au ya kijivu yenye harufu mbaya sana, na mnyama huweza kukanyaga siku hiyo hiyo. Baada ya hapo mguu uloweshwe katika maji ya moto ya chumvi kwa dakika ishirini mara mbili kwa siku, kisha ufungwe kwa kitambaa safi na kipande cha tyubu ya gari ili matope yasiingie. Kidonda cha ukwato ndicho mlango mkuu wa pepopunda, nami nitalirudia jambo hilo.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, tatizo huwa jingine. Ukwato wa punda umeumbwa kwa ajili ya nchi kavu na hunywa maji kwa urahisi kuliko wa farasi. Akikaa wiki nzima kwenye zizi lenye matope na mkojo, ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu katikati ya wayo huoza, ikawa nyeusi, ikanuka, na kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva. Dawa yake ni kuchokoa uchafu kila jioni kwa kijiti butu, kusugua kwa brashi na maji ya chumvi, na zaidi ya yote kumpa mahali pakavu pa kusimama. Changarawe kidogo au mabua makavu kwenye kona ya zizi hufanya kazi kubwa kuliko chupa ya dawa. Kwato zikatwe kila baada ya wiki sita hadi kumi, kwani ukwato mrefu unaopinda mbele kama kiatu cha kuchongoka huvuta kano za nyuma ya mguu hadi mnyama akachechemea bila kidonda chochote.

Mnyama anayesimama akiwa ameitupa miguu ya mbele mbele, uzito wote akiuweka visiginoni, na anayekataa kugeuka kwenye ardhi ngumu, ana uvimbe wa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato. Ugonjwa huu hutokana sana na chakula: pumba nyingi, mahindi mengi kwa mara moja, au majani machanga yaliyochipua baada ya mvua kwa punda aliyekwisha kunenepa. Wenye punda wa kupendwa huusababisha kwa wema wao. Ondoa nafaka yote, mpe mabua na nyasi kavu, mlaze kwenye mchanga mzito au maranda, na usimtembeze hata kidogo, kwa kuwa kila hatua huchana tishu hizo. Daktari anahitajika, na anahitajika siku ya kwanza.

Ameacha kula

Kwangu hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote, kwa sababu mbili zinazofanya kazi pamoja. Kwanza, farasi mwenye msokoto wa tumbo hupiga ardhi kwa mguu, hujitazama ubavuni, hulala na kujiviringisha, lakini punda mwenye tumbo hilo hilo hufanya kitu kimoja tu: anajitenga na kusimama kimya, kichwa chini. Pili, punda asiyekula kwa muda huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake na kuyamwaga kwenye damu, yakajaa kwenye ini na figo, na kutoka hapo kifo kiko karibu. Punda mnene na jike lenye mimba ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Usingoje siku ya pili.

Weka sikio kwenye ubavu, nyuma ya mbavu za mwisho, kushoto na kulia, juu na chini. Tumbo lenye afya hunguruma kama maji yanayotembea kwenye bomba. Ukimya kamili pande zote ni habari mbaya. Tazama kinyesi cha tangu jana. Mabonge yaliyokauka na kufunikwa utando unaong'aa huonyesha kwamba chakula kinakwenda polepole au kimekwama. Pasua bonge moja kwa mikono: ukikuta nyuzi ndefu za majani na punje nzima za mahindi, mnyama hatafuni, na tatizo liko mdomoni. Punda mwenye meno mabovu pia hutafuna kwa upande mmoja na kudondosha vifundo vya majani vilivyolowa mate. Meno ya punda na farasi huota maisha yote na kingo zake huwa kali kama kisu, zikikata mashavu na ulimi, kwa hiyo yasawazishwe kwa tupa maalumu mara moja kwa mwaka. Kwenye miteremko ya Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, kuna jambo la ziada: maji ya huko yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambayo ndiyo kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa binadamu, na mnyama aliyekua akiyanywa anaweza kuwa na meno yenye madoa ya kahawia, laini, yanayolika haraka.

Sababu za kuziba kwa tumbo katika mazingira yetu ninaweza kuzitaja kwa uzoefu. Mifuko ya plastiki na kamba za marobota, ambazo punda wa mjini hula jalalani karibu na masoko, hujikunja tumboni kama fundo. Upungufu wa maji huongezeka siku za vumbi, kwani punda huvumilia kiu bila kulalamika na kisha hukataa maji machafu ambayo ng'ombe angeyanywa. Minyoo huwapata wasiopewa dawa, nao mchanga huwapata wanaolishwa chini kwenye udongo wa volkano.

Lakini sababu inayoniuma zaidi ni ile inayotoka katika mikono yetu. Dawa ya kuogesha ng'ombe yenye amitrazi, inayouzwa kila duka na kutumiwa katika majosho mengi, haimfai farasi wala punda. Kwao hupunguza mwendo wa utumbo, ukasimama, na chakula kikakwama. Mfugaji huwanyunyizia ng'ombe Jumamosi, anammalizia punda dawa iliyobaki kwenye pampu kwa nia njema kabisa, na Jumatatu punda ameacha kula. Soma karatasi ya dawa, ulizia dawa ya kupe yenye pairethroidi inayoruhusiwa kwa punda, na kama amitrazi imeshamgusa, mwoshe kwa maji mengi na umpigie daktari simu ukimtajia jina la dawa hiyo. Vivyo hivyo chakula cha kuku: baadhi yake huwekwa monensini ya kuzuia ugonjwa wa kuhara kwa vifaranga, ambayo kwa farasi na punda ni sumu ya moyo, na kiasi kidogo tu huua. Magunia ya kuku yakae chumba kingine chenye mlango unaofungwa.

Unapomngoja daktari, ondoa chakula, acha maji safi, na umtembeze taratibu kwa dakika chache ikiwa anataka kujiviringisha. Usimnyweshe mafuta ya kupikia, magadi wala soda kwa chupa. Farasi na punda hawawezi kutapika, na kimiminika kinachomiminwa mdomoni kwa nguvu huingia mapafuni kwa urahisi, ukawa umeongeza nimonia juu ya msokoto wa tumbo. Vidonge vya maumivu vya binadamu vibaki kabatini.

Kuna punda asiyekula kwa huzuni, na ninalisema hili kwa uzito wote. Punda hushikamana wawili wawili. Nilimwona dume mmoja aliyeacha kula baada ya mwenzake kuuzwa mnada wa Meserani, akisimama langoni siku mbili, joto na mapigo yakiwa ya kawaida. Alirudia kula tulipomleta jike la jirani alale naye. Ikiwa mmoja lazima auzwe, wauzwe pamoja. Ikiwa mmoja amekufa, aachwe aliyebaki aukaribie mwili kwa saa kadhaa hadi auache mwenyewe, kwani wale wanaotenganishwa ghafla hupiga kelele na kutafuta kwa siku nyingi, na hatari ya mafuta kwenye damu niliyoieleza huanzia hapo.

Homa, kuhema na kudhoofika

Wenye farasi wa kupanda, kuanzia Usa River hadi magharibi mwa Kilimanjaro, wanapaswa kuogopa kwanza tauni ya farasi ya Afrika. Virusi vyake huenezwa na visubi wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na huongezeka mvua zinapokwisha. Punda na pundamilia huweza kuwa navyo bila kuugua, farasi hufa. Dalili za kutazama ni homa kali, uvimbe unaojaa kwenye mashimo yaliyo juu ya macho, na kuhema kunakoishia kwa povu kutoka puani. Tiba ya kuua virusi hivyo haipo. Kinga ni chanjo iliyotolewa kwa wakati na kuwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama, madirisha yakiwa na wavu mwembamba. Ukiona dalili hizo, mjulishe afisa mifugo wa kata mara moja.

Ufizi uliopauka au wenye manjano, mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa na homa inayopanda na kushuka huelekeza kwenye ugonjwa wa kupe. Kukonda polepole huku mnyama akila vizuri, pamoja na uvimbe chini ya tumbo na miguuni, kwa mnyama aliyepita maeneo ya mbung'o, huelekeza kwenye nagana. Yote mawili huthibitishwa kwa tone la damu chini ya hadubini, na Arusha ina kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ninasisitiza kipimo kwa sababu diminazini, dawa ya magonjwa hayo ambayo wafugaji huichoma wenyewe kwa ng'ombe, hustahimiliwa kwa shida na farasi na punda, na kosa dogo la kiasi linaweza kumwangusha mnyama ambaye hata hakuwa na ugonjwa huo.

Anakakamaa, anazunguka au amebadilika tabia

Pepopunda limebeba jina la mnyama huyu, na kweli farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika zaidi na sumu ya bakteria wake, wanaoishi kwenye udongo na samadi. Siku chache hadi wiki kadhaa baada ya kidonda, ambacho huenda kimeshapona, mnyama hukaza masikio na mkia, husimama miguu imetanuka kama meza, na taya hukataa kufunguka. Piga makofi mara moja karibu naye: kigozi cha ndani ya jicho kikiruka ghafla kulifunika jicho, usisubiri dalili nyingine. Mweke mahali penye giza na kimya hadi daktari afike. Chanjo ipo, na mnyama anayefanya kazi kwenye misumari na mawe anastahili kuipata.

Mnyama anayezunguka upande mmoja, anayesukuma kichwa ukutani au aliyekuwa mzima wiki iliyopita na sasa anajikwaa kama kipofu, huenda amekula mahindi yenye ukungu. Kuvu wa mahindi hutoa fumonisini, sumu inayoyeyusha sehemu nyeupe ya ubongo wa farasi na punda, na hakuna tiba baada ya ubongo kuharibika. Mahindi ambayo mama wa nyumbani ameyatenga kwa sababu yamebadilika rangi asipewe punda kwa hoja kwamba yeye ni mnyama tu.

Dalili kama hizo, zikiambatana na kutokwa mate, sauti iliyobadilika au ukali usio wa kawaida, zinaweza kuwa za kichaa cha mbwa. Hapo usiingize mkono mdomoni kutafuta kitu kilichokwama. Mfungie peke yake, watoto wasisogee, toa taarifa, na yeyote aliyeguswa na mate yake kwenye mchubuko aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo.

Kumrudisha kazini

Punda aliyepona huendelea kugoma kwa muda, kwa sababu anakumbuka maumivu mahali na kifaa kilichomuumiza. Usimfunge mkokoteni siku kidonda kinapofunga. Siku tatu za mwanzo mvalishe mkanda tu, bila mzigo, umpe nyasi akiwa ameuvaa, kisha umvue. Siku zinazofuata mtembeze na mkanda, mtu wa pili akishikilia kamba nyuma na kuvuta kidogo, naye akipiga hatua kamba ilegezwe papo hapo, kwani anajifunza kutokana na ule ulegezaji. Mkokoteni mtupu uje baadaye, na nusu ya mzigo baada ya hapo. Punda mchanga asianze kubeba kabla ya kutimiza miaka mitatu, na mzigo kamili usubiri mwaka wa nne, mifupa ya mgongo ikiwa imekomaa. Farasi anayetupa kichwa akiwekwa lijamu afuatiwe kwa utaratibu huo huo, ila kwake anza kwa kukagua meno na pembe za mdomo, na umpime mpandaji pamoja na tandiko, jumla isizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi.

Akisimama tena njiani katika kipindi hiki, simama naye. Hesabu pumzi zake, legeza mkanda, pitisha kiganja chini yake, inua kila mguu, na kama hujaona kitu, mwache atazame mbele kwa dakika mbili kabla hujamwomba hatua moja.